Wawili Wawili: Je, Sisi Tutamtuma Nani?



Wapendwa waamini, wiki hii napenda tutafakari pamoja jambo ambalo limeulizwa na zaidi ya familia moja hapa parokiani. Watoto wetu wanaosoma au kufanya kazi Dar es Salaam na Arusha wamekutana na vijana wawili wageni, wenye mashati meupe na tai, wenye vibao vyeusi vya majina kifuani, wanaopita mitaani kwa miguu wakiomba nafasi ya kuzungumza habari za Mungu. Mama mmoja aliniuliza: "Baba Paroko, hao ni akina nani, na mwanangu afanye nini wakimbishia hodi?"

Swali la mama huyo linastahili jibu kamili, nami nitalijibu. Lakini ndani yake mna swali jingine linalotuhusu sisi sote. Vijana hao, wengi wao wa miaka 18 hadi 21, wametumwa na watu wao kuvuka bahari. Sisi tulio na Ubatizo, Ekaristi na mapokeo ya miaka 2000, mbona tunaona shida kumtuma kijana mmoja kutoka kigango cha milimani kwenda kigango cha ziwani? Naomba tuyachukue maswali haya mawili kwa pamoja, kwa maana naona jibu la la kwanza halitufai kitu kama hatulikabili la pili.

Vijana hao ni nani?

Ni wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao watu wengi huwaita Wamormoni. Kanisa lao lilianzishwa mwaka 1830 katika jimbo la New York, Marekani, na mtu aliyeitwa Joseph Smith. Baada yake kuuawa mwaka 1844, wafuasi wengi waliongozwa na Brigham Young hadi Utah, ambako makao makuu yao yapo mpaka leo. Pamoja na Biblia, wanakipokea Kitabu cha Mormoni kama maandiko matakatifu. Hadi Juni 1978 Kanisa hilo halikuwapa ukuhani wake wanaume wenye asili ya Afrika. Tangu hapo limeenea kwa kasi barani mwetu. Mwaka 2020 lilianzisha misioni yenye makao Dar es Salaam, na mwaka 2025 likafungua hekalu jijini Nairobi.

Wavulana hutumwa kwa miezi 24, wasichana kwa miezi 18. Duniani kote wapo zaidi ya 70,000 kwa wakati mmoja. Kwa kawaida hawachagui waendako. Hupokea barua ya wito inayotaja nchi, nao hufunga mzigo. Hawalipwi mshahara. Wao na familia zao huchangia gharama, na wengine huanza kuweka akiba tangu utotoni. Huishi wawili wawili, na mmoja haendi popote bila mwenzake. Kwa kawaida huamka saa 12:30 asubuhi, husali, husoma maandiko, hujifunza lugha ya wenyeji, kisha hutoka kutembelea watu mpaka jioni. Saa 4:30 usiku taa huzimwa. Hawana uchumba wala sinema katika muda huo. Siku moja kwa juma ni ya kufua nguo, kwenda sokoni na kuandika nyumbani. Kabla ya mwaka 2019 waliruhusiwa kuwapigia simu wazazi mara mbili tu kwa mwaka. Tangu Februari mwaka huo wanaruhusiwa kila juma.

Kila mvulana wao huitwa kwa cheo ambacho katika vitabu vyao vya Kiswahili hutafsiriwa "Mzee". Kwetu, kijana wa miaka 19 asiyeota ndevu akijitambulisha kuwa Mzee fulani, wakubwa watatabasamu. Pia hawanywi pombe, wala chai, wala kahawa. Wafikirieni basi wakifika Mbinga msimu wa mavuno, katika nyumba ambayo bati lake, ada ya shule na jeneza la babu vyote vimelipiwa kwa kahawa, na mwenye nyumba anawakaribisha kwa kikombe! Mgeni anayekataa chai kwa Mtanzania ana kazi ya ziada ya kueleza kwamba hakumdharau mwenyeji. Siyasemi haya kwa kuwacheka. Nataka tuone kwamba kijana huyo hulipa gharama ya imani yake mara kumi kwa siku, katika mambo madogo, mbele ya watu wasiomjua na katika lugha ambayo bado inamkwaza ulimi.

Mwanao afanye nini?

Sasa namjibu yule mama. Kwanza, mwanao awapokee kwa adabu. Awape kiti na maji ya kunywa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya uhuru wa dini, unatufundisha kwamba hakuna mtu wa kulazimishwa wala kuzuiwa katika mambo ya imani. Kijana aliyesafiri maelfu ya kilomita kwa ajili ya anachokiamini hastahili matusi wala kufungiwa mbwa.

Pili, mwanao ajue kwamba tofauti kati yetu na wao si ndogo. Wanalitaja jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, ila hawamaanishi kile ambacho Kanisa limekiri tangu Mtaguso wa Nisea mwaka 325. Sisi tunakiri Mungu mmoja katika Nafsi tatu, wa milele, asiyeumbwa. Wao wanafundisha kwamba Baba, Mwana na Roho ni watatu walio mbali kila mmoja na mwenzake kwa uwamo, wenye umoja wa nia; na kwamba Baba ana mwili wa nyama na mifupa. Ndiyo sababu tarehe 5 Juni 2001 ofisi ya Vatikano inayosimamia mafundisho ya imani, kwa idhini ya Papa Yohane Paulo II, ilitamka kwamba ubatizo wao si halali kwetu. Mwanglikana au Mlutheri akijiunga na Kanisa Katoliki habatizwi upya, maana ubatizo wake tunautambua. Mmormoni akijiunga hubatizwa. Nalieleza hili waziwazi kwa sababu wapo wanaosema, "Si wote tunamsali Yesu, tofauti iko wapi?" Upendo haudai tufiche ukweli, wala ukweli hautupi ruhusa ya kukosa upendo.

Tatu, mwanao ajue kusema imani yake mwenyewe. Mtume Petro anatuagiza tuwe tayari daima kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini letu, na tufanye hivyo kwa upole na heshima (1 Pet 3:15). Hapo ndipo panapouma. Kijana wetu aliyepata Kipaimara akiwa darasa la sita, ambaye tangu hapo hajafungua Biblia ila siku ya mashindano ya kwaya, atamjibu nini kijana mwenzake anayesoma maandiko kila asubuhi? Wakati mwingine tunalalamika kwamba wageni wanatuibia watoto. Mtoto aliyelishwa vizuri nyumbani haibiwi kwa biskuti.

Pwani yetu ilihubiriwa na vijana

Ndugu zangu, tusione ajabu kwamba vijana huvuka bahari kwa ajili ya imani. Imani ya pwani yetu hii, kutoka Lituhi hadi Mbamba Bay, na ya milima ya Umatengo juu yake, ililetwa na watu wa namna hiyo.

Waumini wa Anglikana wa Liuli wanalo kaburi la William Percival Johnson, nasi tunaweza kulitembelea kwa heshima. Alizaliwa Uingereza mwaka 1854, akasoma Oxford, na mbele yake palikuwa na kazi nzuri katika utumishi wa serikali huko India. Aliiacha. Mwaka 1876, akiwa na miaka 22, alisafiri pamoja na Askofu Edward Steere kuja Zanzibar kwa ajili ya misioni iliyojulikana kwa kifupi kama UMCA. Miaka michache baadaye alifika ziwani. Mwenzake wa kwanza katika safari ya ziwani, Charles Janson, alifariki mwaka 1882 mara tu baada ya kufika. Johnson mwenyewe aliugua macho, jicho moja likapofuka kabisa na la pili likabaki na nuru kidogo. Rafiki yake wa Oxford, Chauncy Maples, aliyekuja mwaka uleule wa 1876, aliwekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1895, naye akazama ziwani Septemba mwaka huohuo, mashua yake ilipopinduliwa na dhoruba kabla hajafika kwenye kiti chake kisiwani Likoma.

Johnson hakurudi kwao. Akiwa nusu kipofu alitembea pwani hii kijiji kwa kijiji, akalala walipolala wenyeji, akala walichokula, akatafsiri Biblia nzima katika Kinyanja kilichosemwa ziwani. Alifariki Liuli Oktoba 1928. Ihesabuni miaka hiyo: ni 52 tangu alipoondoka kwao. Wavuvi wetu wanajua kwamba ziwa hili halisomwi kwa siku moja. Mgeni huona maji matulivu akafurahi; mwenyeji huutazama upepo wa kusini kwanza. Johnson alikaa hadi akajifunza kuutazama upepo.

Tusidhani kwamba wageni wa Ulaya tu ndio waliotumwa. Leonard Kamungu alizaliwa Chia, pwani ya mashariki ya ziwa hilihili, upande ambao leo ni Msumbiji. Alisoma katika shule za misioni, akapewa upadre wa Anglikana mwaka 1909, kisha akajitolea kwenda Msoro, katika nchi ambayo leo ni Zambia, kuanzisha misioni miongoni mwa watu wasio wake. Huko alifariki ghafla mwaka 1913, na wengi waliamini kuwa alipewa sumu. Basi zaidi ya miaka 100 iliyopita mtoto wa ziwa hili alikuwa tayari mmisionari ughaibuni. Nani miongoni mwetu humfundisha mtoto wake jina hilo?

Kwa upande wetu Wakatoliki, Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia walianzisha Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899, na kutoka huko Injili ilipanda milima ya Umatengo na kushuka hadi ziwani. Wengi wa mabruda, mapadre na masista hao walikuwa vijana, na baadhi yao homa iliwaua kabla hawajaimudu salamu ya asubuhi. Cassian Spiss, mwanzilishi wa Peramiho, aliuawa Agosti 1905 akiwa askofu, pamoja na mabruda wawili na masista wawili, walipokuwa wakitembea kwa miguu kutoka Kilwa kuja huku kwetu.

Hapa lazima niseme neno la ukweli ambalo mara nyingine tunalipita haraka. Mwaka 1905 ulikuwa mwanzo wa Vita vya Maji Maji. Wamisionari waliuawa na Peramiho ikachomwa moto kwa sababu wengi hawakuweza kumtenganisha padre Mjerumani na askari Mjerumani. Nao wazee wetu hawakuwa na kosa la kuona hivyo, maana wote wawili walifika katika meli zilezile. Tarehe 27 Februari 1906 watu 67 walinyongwa Songea mjini, na makumbusho yao yapo hapo hadi leo. Mmisionari anayetoka kwa wenye nguvu hubeba nguvu hiyo mgongoni, apende asipende. Hata kijana wa leo mwenye pasipoti ya Marekani huibeba: watu huona dola kabla hawajaona Biblia, na wengine hufuata dola.

Nalitaja hili kwa sababu linatugusa sisi. Kijana wa Mbinga akienda Lituhi, au Mkatoliki wa Mbamba Bay akivuka mto Ruvuma kwenda kuhudumu katika Jimbo la Lichinga, Msumbiji, hana jeshi nyuma yake, wala dola mfukoni, wala rangi inayotisha au kuvutia. Anakwenda kama Bwana alivyowaagiza wale wanafunzi 72: wawili wawili, bila mfuko wala mkoba, akila anachoandaliwa (Lk 10:1-9). Umaskini wetu, tunaouona kuwa kizuizi cha kutuma, kumbe ndio unaotufanya tufanane zaidi na waliotumwa katika Injili.

Zawadi tuliyopokea

Kanisa Kuu la jimbo letu la Mbinga lina msimamizi wake, Mtakatifu Kiliani. Je, mmewahi kujiuliza kwa nini tumpewe mtakatifu huyo ambaye jina lake halipatikani sana katika rejista zetu za ubatizo? Kiliani alikuwa mmonaki wa Ireland. Katika karne ya 7 aliiacha nchi yake pamoja na wenzake, akaenda kuhubiri Würzburg, ambako leo ni Ujerumani, na kwa mapokeo aliuawa huko mwaka 689. Ujerumani, iliyotuletea Injili sisi, ilihubiriwa na wageni. Jimbo la Mbinga lilizaliwa mwaka 1986, na miaka michache baadaye likaingia katika udugu na Jimbo la Würzburg. Ndivyo Kiliani alivyotufikia: Mwairishi aliyekwenda kwa Wajerumani, akarithiwa na Wamatengo na Wanyasa.

Imani, wapendwa, haikuota katika shamba letu yenyewe, na haikuota katika shamba la mtu yeyote. Kila taifa limeipokea mkononi mwa mgeni. Bwana alisema tumepokea bure, basi tutoe bure (Mt 10:8). Kwa zaidi ya miaka 100 sisi wa Ruvuma tumekuwa hodari sana katika kupokea. Tumepokea makanisa ya matofali, hospitali, shule, magari ya parokia, na hata vijana wa Kijerumani wanaokuja kujitolea kwa mwaka mmoja. Tunawaita wageni wetu, tunawapigia ngoma, tunawapa kuku. Hilo ni jema. Lakini Papa Paulo VI aliwaambia Waafrika huko Kampala mwaka 1969 kwamba sasa wao ni wamisionari kwao wenyewe. Tangu neno hilo umepita muda mrefu kuliko umri wa padre anayewaandikia.

Najua mtasema: "Baba, tumetoa mapadre na masista wengi." Ni kweli, na tumshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini nazungumzia walei. Nazungumzia kijana ambaye hatakuwa padre wala mtawa, atakayeoa, atakayelima kahawa yake katika ngoro za babu yake au kuvua dagaa. Je, huyo hana wito wa kutumwa? Ubatizo wake ulikuwa nusu? Mwombezi wa misioni, Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, alifariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24 bila kutoka monasterini. Si umri wala cheo kilichomfanya mmisionari.

Mapingamizi matatu

La kwanza huja kwa wazazi: "Kijana akienda mbali ataharibika." Nawauliza kwa upendo: je, akikaa haharibiki? Anapomaliza kidato cha nne mwezi Novemba, hukaa nyumbani miezi mingi akisubiri matokeo na kidato cha tano kinachoanza Julai. Miezi hiyo mnajua inavyopita: kwenye kijiwe cha bodaboda, kwenye vibanda vya kubeti, na simu mkononi hadi usiku wa manane. Hatari haipo safarini tu. Nabii Yeremia alipojitetea kwamba yeye ni mtoto, Mungu hakuukubali udhuru huo (Yer 1:6-7).

La pili ni fedha. Wengine watasema wale Wamormoni wanaweza kwa kuwa ni matajiri. Wapo matajiri, lakini wapo pia miongoni mwao Wakenya, Wakongo na Waganda wanaotumwa. Kijana wetu akipelekwa kigango cha jirani hahitaji tiketi ya ndege. Anahitaji nauli, godoro, debe la mahindi, maharage, dagaa kidogo, na familia ya kumpokea. Jumuiya ndogo ndogo inayoweza kuchanga kwa ajili ya sherehe ya Kipaimara, keki, muziki na sare, haiwezi kunishawishi kwamba debe la mahindi limeishinda. Vilevile sadaka ya Dominika ya Misioni, iliyoanzishwa na Papa Pio XI mwaka 1926, haikukusudiwa kuwa fidia ya kutokwenda.

La tatu ni zito zaidi, nalo husemwa na makatekista wazoefu: "Hao vijana wenyewe hawajui kitu; watafundisha nini?" Nami nawajibu: ni kweli hawajui, na hawatajua mpaka watakapolazimika kujibu. Mtu hujifunza kuogelea ndani ya maji. Kijana akiulizwa na mtoto wa Utoto Mtakatifu kwa nini tunamheshimu Bikira Maria, usiku huo atafungua kitabu kwa mara ya kwanza kwa hiari yake. Kutuma kunamjenga mtumwa kuliko kunavyomjenga anayetumiwa. Na hilo nadhani ndilo ambalo Wamormoni wamelielewa vema. Wengi wa wale vijana hawarudi na waongofu wengi. Wanarudi wakiwa watu wazima katika imani yao.

Tofauti na wao, sisi tusihesabu vichwa, wala tusiende kumgeuza Mwanglikana wa Liuli au Mwislamu jirani kwa ujanja. Na tusisahau somo la Johnson: miezi michache haitoshi kuliita tunda limeiva. Muda mfupi ni mbegu tu, na wachache watakaogundua kwamba wameitwa kukaa, tuwaache wakae.

Pendekezo langu

Kwa hiyo naleta pendekezo hili mbele ya Halmashauri ya Walei, VIWAWA, WAWATA na kila jumuiya, lijadiliwe na kukosolewa. Kuanzia Epifania hadi Pasaka, kila kigango kitume vijana wawili waliotimiza miaka 18, wavulana wawili au wasichana wawili, kwenda kigango kingine kisicho chao. Wa milimani washuke ziwani, na wa ziwani wapande milimani. Wazazi waridhie kwa maandishi. Wakae katika familia iliyochaguliwa na jumuiya na kujulikana na paroko, chini ya uangalizi wa katekista na mama mmoja mwenye heshima, ili usalama wao na wa watoto watakaowafundisha usiachwe kwa bahati.

Ratiba yao iwe nyepesi na ya kila siku: asubuhi sala na Injili ya siku, mchana kazi za mikono pamoja na wenyeji, shambani au kwenye nyavu, jioni kutembelea wagonjwa na wazee, kufundisha watoto, na siku za Dominika kumsaidia katekista katika ibada pale padre anaposhindwa kufika. Siku moja ya kufua nguo na kupumzika. Simu nyumbani mara moja kwa juma, muda uliobaki simu ipumzike. Wajifunze lugha ya wenyeji, Kimatengo, Kinyasa au Kimanda, angalau kiasi cha kusali Baba Yetu kando ya kitanda cha bibi asiyejua Kiswahili vizuri. Tuanze kwa vigango viwili. Tukifanikiwa, mwaka unaofuata tutazungumza habari za kuvuka Ruvuma.

Kumbukeni Kanisa la Antiokia. Lilikuwa changa, tena lenye mahitaji mengi. Roho Mtakatifu alipodai watu, halikumtoa yule ambaye hakuna aliyemhitaji. Lilimtoa Barnaba na Sauli, walimu wake bora, likafunga, likasali, likawawekea mikono, likawaacha waende (Mdo 13:1-3). Sisi tukiulizwa tumtume nani, tusimtafute kijana aliyetushinda nyumbani ili akatuliwe na wengine. Tumtoe yule tunayesikitika kumkosa kwenye kwaya.

Basi, mama mpendwa uliyeniuliza: mwambie mwanao awakaribishe vijana hao kwa heshima, aseme kwa utulivu "Mimi ni Mkatoliki," aeleze kwa nini, kisha awaombee safari njema. Na atakaporudi likizo, mlete kwangu. Nina kigango kinachomsubiri.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya Ndogo Ndogo:

1. Ni nani aliyeileta imani katika ukoo wako? Alitoka wapi, na aliacha nini?
2. Kijana wa nyumba yako akiulizwa leo kwa nini ni Mkatoliki, atajibu nini? Wewe mzazi utajibu nini?
3. Jumuiya yetu ikitakiwa kumtoa kijana mmoja, itamtoa nani, na itamtegemeza kwa kitu gani?

Mungu Mwenyezi, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, awabariki ninyi nyote, milimani na ziwani. Tuombeane.

Paroko wenu